Ndege 1,388, na Wangu Hayumo

Kwa muda mrefu niliwagawa ndege makundi matatu: kuku, kunguru na wengineo. Mgawanyo huo ulinitosha, na sikuwahi kusikia ndege hata mmoja akilalamika. Kisha mpwa wangu, kijana mwenye nia njema na mshahara mpya, akaniletea zawadi ya kitabu cha kutambua ndege wa Afrika Mashariki, kimoja katika ule ukoo wa vitabu vya viumbe na mimea vinavyojinadi kuwa ni vya mtu wa kawaida. Tangu hapo siwezi tena kunywa chai barazani. Kila kinachotua kwenye mwembe kinanidai jina.

Ukitafuta chanzo cha balaa hili utafika Marekani, mwaka 1934, kwa Roger Tory Peterson. Kabla yake ndege wengi walitambuliwa wakiwa mkononi, maana yake walishapigwa risasi. Peterson akawachora wanaofanana pamoja, wote wametazama upande mmoja, akaweka vistari vya kuonyesha pa kutazama: hapa doa la shavuni, pale mchirizi wa bawani. Wachapishaji kadhaa walimkatalia. Aliyekubali akachapa nakala 2,000, zikaisha upesi. Vikafuata vitabu vya kombe za baharini, vya vipepeo, vya maua, hadi vya nyota. Nauheshimu sana uvumbuzi huo. Ila ndege wa zamani, yule wa risasi, alikuwa na sifa moja kubwa ambayo hakuna anayeitaja: alitulia.

Kwetu mtindo huo ulikuja na John Williams, aliyesimamia mkusanyiko wa ndege katika makumbusho ya Coryndon, Nairobi, ambayo siku hizi ni Makumbusho ya Taifa. Kitabu chake cha ndege wa Afrika Mashariki na ya Kati kilitoka 1963, kisha akaandika cha mbuga za wanyama, kisha cha vipepeo. Akaja Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na mamalia wa Afrika Mashariki: vitabu saba kati ya 1971 na 1982, maneno yake, michoro yake. Mwaka 2002 wakafika Terry Stevenson na John Fanshawe na ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, aina 1,388, wote kwa rangi. Hebu isome tena tarakimu hiyo. Mimi nina wajomba ambao majina yao hunipotea msibani, leo nitakiwe kujua 1,388, tena dume, jike na kinda?

Shida ya kwanza ni picha. Kitabuni ndege amesimama ubavu, jua limempiga sawasawa, miguu inaonekana hadi kucha. Kwenye mwembe wangu ndege ni kitako. Kitako na mkia, tena nyuma ya jani, tena dhidi ya mwanga. Nimepekua kitabu mwanzo hadi mwisho, hakuna ukurasa wa vitako.

Shida ya pili, ukishamjua anabadilika. Yuko yule mdogo wa mwambao, dume jekundu la kung'aa lenye tumbo jeusi, anayening'inia kwenye majani na mashamba ya mpunga. Nilimkariri, nikawaonyesha watu, nikajitapa kijiweni. Msimu wa kuzaa ulipokwisha akavua yote, akabaki wa kahawia, huwezi kumtofautisha na mkewe wala na shomoro. Kitabu kinayajua hayo. Kimeyaandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote.

Wabaya zaidi ni sistikola. Hawa ni vindege vya kahawia vya kwenye majani marefu. Aina zake ni nyingi, na tofauti kati ya hii na ile ni kiasi cha rangi kilichobaki kwenye brashi ya mchoraji. Hapo kitabu chenyewe kinakata tamaa kiungwana na kukuambia usikilize. Basi yuko anayelia, yuko anayepiga mluzi, yuko anayekoroma, yuko anayepayuka mchana kutwa, na ndivyo walivyoandikwa kwenye majina yao rasmi. Sasa hiyo ni familia ya ndege au ni nyumba ya kupanga Manzese? Mimi nilishapanga huko. Niliwajua wapangaji wote kwa sauti, na sikuhitaji kitabu.

Halafu kuna darubini. Kitabu kinasema ni kifaa muhimu, hakisemi uielekeze wapi. Maana ndege mzuri hatui kwangu. Hupenda mstafeli wa jirani, nao umeota mbele ya dirisha la bafu lao. Asubuhi moja nimeinua darubini, pumzi nimeibana, kitabu kimefunguka kwenye kurasa za chozi, nikasikia nyuma yangu:

"Shikamoo, Baba Salma."

Ni mjumbe wa shina.

"Marahaba, mjumbe."

"Kwema?"

"Kwema kabisa. Natazama ndege."

"Ndege." Akautazama mstafeli, akalitazama dirisha, akanitazama mimi. "Ana jina?"

Sasa jina ndilo nililokuwa nalitafuta! Machozi wako wengi, na jike la huyu na jike la yule ni vumbi tupu. Mwanamume mzima anayekodolea macho upande wa bafu la watu, akidai anatazama ndege asiyemjua jina, huyo hana wakili. Nikasema ni chozi. Mjumbe akatikisa kichwa polepole, akaenda zake, na jioni mke wangu alikuwa ameshapata habari kutoka mitaa miwili tofauti.

Kwa hiyo nimeshamjua huyo "mtu wa kawaida" anayekusudiwa. Ana gari lenye paa la kufunguka, kofia yenye kamba ya kidevuni, na tiketi ya kurudi kwao. Hana jirani. Mimi ndege wangu ni wa kudumu, mjumbe wangu pia.

Na bado kazi yenyewe haijaisha! Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmaki walikuwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa, hapo juu ya Kilombero. Vitabu vya ndege vya eneo hili vilishaenea madukani. Wakaona ndani ya sufuria ya chakula miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakaacha kula, wakaanza kuuliza, wakamtafuta mwenye miguu hiyo akiwa bado anaitembelea. Mwaka 1994 akatangazwa rasmi: wa jamii ya kwale, jenasi mpya kabisa, Xenoperdix, na jamaa zake wa karibu wakaonekana wako kwenye misitu ya Asia. Wasomi wamepita na darubini zao miaka yote hiyo, na aliyemtangulia kila mtu kumshika mkononi ni aliyemchuna.

Ndiyo maana nina madai kwa watakaoandika toleo lijalo. Kwanza, ukurasa wa vitako, kwa rangi. Pili, ukurasa wa ndege anayeondoka pale tu unapofungua kitabu. Tatu, wampe kunguru haki yake. Huyu mwenye shingo ya kijivu alitoka India, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, na sasa mwambao wote ni wake. Kitabu changu kimempa mistari michache na ramani. Hakuna neno kuhusu sabuni ya kufulia, ambayo huibeba kipande kizima kutoka karoni mchana kweupe, na akikuona unamtazama anasimama kidogo ili umtambue vizuri. Ndiye ndege pekee aliyewahi kunipa nafasi hiyo.

Dai la nne si langu, ni la mke wangu. Juzi alichukua miwani yangu, akakipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa, kwa umakini ambao mimi sijawahi kuwa nao. Nikafurahi, nikajua nimepata mwenzangu. Akakifunga, akakirudisha mezani.

"Kizuri," akasema. "Ila hawajaandika yupi analiwa."

Nimekipekua. Kweli hawajaandika. Urefu kwa sentimita umo, rangi ya miguu imo, ramani imo, mpaka mlio umeandikwa kwa herufi. Swali la kwanza ambalo mtu wa kawaida angeuliza, hakuna aliyeligusa. Wakati wa kuandaa toleo lijalo wakitaka ushauri, waanzie jikoni. Wenzao wa Udzungwa walianzia huko, wakatoka na jenasi nzima.