Jinsi ya Kumvizia Mnyoo Bila Kumgusa Mtoto

Unataka shahada ya uzamivu ya kubuni dawa inayolenga kipokezi kimoja na kuviacha vingine? Usianze na kompyuta. Nenda kwanza ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Bugwema, watoto wanapochota maji na kuogelea. Wewe usiingie majini: mnyoo wa kichocho hupenya ngozi na haulizi cheti. Andiko lisilojua konokono wanaoeneza ugonjwa huo wanaishi wapi, bado halijaanza.

Sasa mtafute adui. Praziquantel, dawa ya kichocho, iligunduliwa katika miaka ya 1970, lakini kwa miongo kadhaa haikujulikana inamshika mnyoo wapi. Mwaka 2019 maabara ya Jonathan Marchant huko Wisconsin, Marekani, ilionyesha mahali penyewe: mfereji uitwao TRPM katika utando wa seli za mnyoo. Dawa ikijibanza humo mfereji hufunguka, kalsiamu hufurika ndani, misuli hukakamaa. Ni kazi tukufu, na ninaomba uipende.

Kinachofuata ndicho kitakachokula miaka yako. Minyoo wa ini la ng'ombe wana mfereji unaofanana sana na huo, ila asidi amino moja tu imebadilika, na dawa inawapita kama dagaa anavyopita kwenye wavu wa sangara. Jifunze kusuka macho ya wavu kwa kipimo hicho. Usisahau kwamba praziquantel ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja hupiga mnyoo. Nyingine haisaidii kitu, huongeza uchungu na ukubwa wa kidonge, na huweza kugusa kipokezi cha ubaridi cha binadamu. Wataalamu walioitenga ile inayofaa wakapata arpraziquantel, ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ukaitolea maoni mazuri. Watoto hao walikuwa wadogo mno kwa dawa zinazogawiwa shuleni. Nafurahi mno kwamba mtu aliwakumbuka.

Usifanye peke yako. Mkemia atakuletea molekuli nzuri kupindukia. Mrudishe hadi iweze kuyeyuka tumboni. Mwanabiolojia atasema mnyoo wako wa maabara si mnyoo wa ziwani, msikilize. Wabishie hodi watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huko Mwanza, halafu kaa na mwalimu wa msingi anayepima urefu wa wanafunzi kwa fimbo ili ajue kila mmoja ameze vidonge vingapi. Huyo ni msimamizi wako wa tatu, hata kama chuo hakimtambui.

Ukikosa swali, hili hapa: praziquantel haiwaui vizuri minyoo wachanga. Mtoto akiwa ameambukizwa majuzi, dawa ya leo huwaacha hai wakaendelea kukua. Liandike swali hilo ukurasa wa kwanza, kisha mpigie simu mkemia.