Mhadhara Elekezi juu ya Uso, Mkono na Porfirini, Uliotolewa na Bingwa Mwenyewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na sambusa. Kwa kawaida msemaji hufungua kwa kusema itifaki imezingatiwa. Mimi nasema haikuzingatiwa. Mshereheshaji amenitaja kwa jina tupu, kana kwamba naitwa nije kusogeza meza. Na pale getini mlinzi ameniuliza mimi ni nani na nimekuja kuonana na nani. Mtu aliyeutoa umri wake kwa elimu ya kutambua sura anaulizwa yeye ni nani! Nimemsamehe. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba nimemsamehe.

Mada yangu inaunganisha mambo mawili ambayo wasomi wa kawaida huyaweka mbalimbali kwa kuogopa kuchoka: jinsi kamera inavyotambua uso na ishara za mkono, na kemia ya metali zilizokaa ndani ya porfirini. Naona mmenikodolea macho. Ndivyo inavyotakiwa. Hotuba inayoeleweka dakika ya kwanza ni tangazo la sabuni.

Tuanze na uso. Miaka ya 1960 huko California, Woodrow Bledsoe na wenzake waliipa kompyuta kazi ya kulinganisha picha za watu. Ukisikia hivyo utadhani kompyuta ilitazama. Haikutazama chochote. Binadamu ndiye aliyeinamia picha, akazigonga kwa kalamu maalumu pembe za macho, pembe za mdomo na mahali nywele zinapoanzia, kisha mashine ikapewa vipimo ipige hesabu. Jasho la mtu, sifa za mashine. Utaratibu mzuri sana. Wasaidizi wangu wanaujua.

Mwaka 1991 Matthew Turk na Alex Pentland wa MIT wakatengeneza uso wa wastani kutokana na nyuso nyingi, halafu kila mtu akaelezwa kwa namba zinazoonyesha anavyoachana na wastani huo. Mimi naachana nao pakubwa, jambo ambalo marehemu mama aliligundua bila umeme.

Lakini waliofanya kazi ninayoionea wivu ni Paul Viola na Michael Jones, mwaka 2001. Hawa hawakutafuta sura hata kidogo. Walitafuta mistatili ya giza na mwanga. Mtazame jirani yako: sehemu ya macho ina giza kuliko mashavu yaliyo chini yake, na mgongo wa pua unang'aa kuliko macho yaliyo kando yake. Basi kompyuta inapitisha kidirisha cha pikseli 24 kwa 24 juu ya picha nzima, inatoa mwanga wa mstatili huu kwenye mwanga wa mstatili ule, na tofauti inayotarajiwa isipoonekana, kidirisha kinatupwa palepale. Kikifaulu, kinapewa mtihani mgumu zaidi, kisha mwingine. Sehemu kubwa ya picha yoyote ni ukuta, pazia na shati, ya nini kuzifikiria? Kwa hila hiyo walichambua picha 15 kwa sekunde kwa kompyuta ya kawaida ya wakati ule. Siri yote ni kukataa haraka. Kamati iliyopokea andiko langu la utafiti ilitumia mbinu hiyohiyo: walilikataa wakiwa bado kwenye jalada.

Hapa naomba utulivu, maana hapa hata mimi naweka mbwembwe kando. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichukua picha za wabunge wa nchi sita, wa Rwanda wakiwamo, wakazipitisha kwenye mifumo mitatu ya kibiashara iliyojigamba kutofautisha uso wa mwanamke na wa mwanamume. Kwa wanaume weupe, mfumo uliokosea zaidi ulikosea asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, mfumo mmoja ulikosea asilimia 34.7. Mama wa watu yuko Kigali, bungeni, anatunga sheria, mashine inamwita bwana! Kabla ya hapo Buolamwini alikuwa ameshaona kwamba programu ya kutambua nyuso ilishindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mlinzi wa getini angalau aliniona.

Mkono nitaupitia upesi. Programu ya Google iitwayo MediaPipe inaweka nukta 21 juu ya kiganja: moja kwenye kifundo, nne kwenye kila kidole. Nzuri. Sasa ielekezeni kwa konda wa daladala anayening'inia mlangoni akizungusha kiganja hewani. Nukta 21 mtazipata zote. Kama gari limejaa, kama linageuzia hapahapa, au kama anamtania konda wa gari la nyuma, hilo hamtalipata. Vidole vikifichana, hata nukta zenyewe zinakuwa za kubahatisha.

Sasa kemia. Funikeni chupa za maji.

Porfirini ni pete. Chukueni pete ndogo nne ziitwazo piroli, kila moja ina nitrojeni yake, ziunganisheni kwa madaraja manne ya kaboni mpaka duara lifunge. Nitrojeni zote nne zinaelekea katikati, na pale katikati pana nafasi, kama kiti cha mgeni rasmi ambacho meza nzima imekizunguka. Anayekikalia ndiye anayeamua shughuli ni ya nini. Akikaa chuma, hiyo ni hemu, iliyo ndani ya hemoglobini, na damu yako inabeba oksijeni. Pete ikibadilishwa kidogo akaketi magnesi, hiyo ni klorofili, na mchicha unakula jua. Wapo wanaosema tofauti ya mtu na mchicha ni kubwa. Kuna vikao nimehudhuria.

Akikaa shaba, nendeni msitu wa Jozani kule Unguja mkamtafute shorobo, yule ndege wa kijani ambaye akikunjua mabawa wekundu unawaka. Wekundu ule ni porfirini yenye shaba; Mwingereza Arthur Church aliieleza mwaka 1869. Unyoya wake ukilowekwa kwenye maji yenye amonia, maji yenyewe yanageuka mekundu. Shorobo wa Unguja amepewa jina la Fischer, na hapa wengi huchemka: huyo ni Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki. Fischer wa porfirini ni Hans, wa Munich, aliyeunda hemini, ndugu wa karibu wa hemu, maabarani mwaka 1929 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mchoro wa pete ile ulikuwa umetolewa na William Küster tangu 1912, Fischer akaukataa kwa miaka kadhaa, akidai pete kubwa namna hiyo haiwezi kusimama, kisha akaja kuthibitisha yeye mwenyewe kwamba Küster alikuwa sahihi. Nami ndiyo maana sikubali hoja ya mtu yeyote. Namwekea akiba.

Mkitaka kuipika, njia ya Adler na Longo ya mwaka 1967 ni hii: benzaldihaidi, inayonukia lozi chungu, na piroli, vyote ndani ya asidi ya propioniki inayochemka, nusu saa, hewa ikiingia. Kinachotokea ni uji mweusi kama lami. Mtu asiyejua angemwaga. Ukiuacha upoe ukauchuja, karatasi inabaki na fuwele za zambarau zinazometameta, kiasi cha sehemu moja kwa tano ya ulichotarajia, na nguo zako hazitatoka harufu upesi. Mke wangu aliisoma orodha ya viambato, akaniuliza kama nina pa kulala.

Mnauliza uso na porfirini vinakutana wapi. Vinakutana shavuni! Mwaka 2008 Wim Verkruysse na wenzake walionyesha kwamba kamera ya kawaida, kwa mwanga wa kawaida, inaweza kusoma mapigo ya moyo kwa kuutazama uso tu. Moyo ukidunda, damu kidogo inaongezeka chini ya ngozi. Hemu inapenda kumeza mwanga wa kijani, karibu nanomita 540 na 577 ikiwa imeshika oksijeni, kwa hiyo kila pigo linaupunguza kidogo ukijani unaorudi kwenye kamera. Jicho halioni. Kamera, ikijumlisha pikseli za uso mzima na kuchuja, inaona. Melanini nayo inameza mwanga mwingi, hivyo kwa ngozi kama yangu ishara ni hafifu zaidi, na tumerudi kwa yule mbunge wa Kigali.

Nitawaonyesha kwa simu hii na programu niliyoiandika mwenyewe. Mgeni rasmi, tulia hivyohivyo, usicheke. Naam. Mapigo 72 kwa dakika. Moyo wa kiongozi!

Nani anasema simu imeelekea ukutani? Kijana, simama. Unadai imeshika ile picha ya mgombea kwenye kalenda. Vizuri. Programu za aina hii huchagua mdundo wenye nguvu kuliko yote ndani ya mipaka ya moyo wa binadamu; feni ya dari ikipitisha kivuli juu ya picha, huo nao ni mdundo, na namba itatoka. Kwa hiyo mimi nimepima feni, kwa usahihi, nikiwa mbali, bila kuigusa. Nitajieni mwingine aliyewahi.

Muda wangu umekwisha, nasikia, ingawa saa ya ukumbi huu imesimama tangu nilipoingia. Maswali yaandikwe kwenye karatasi, yapitie kwa katibu wangu, ambaye leo hakuja, na nafasi yake naikaimu mimi.