Muulize Mjomba: Karani Anayetaka Jukwaa

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni karani wa ushuru katika soko la mifugo hapa Isiolo. Natoka kazini jioni, vumbi limejaa hadi masikioni, sina nguvu hata ya kufungua kitabu. Lakini moyo wangu uko kwenye uigizaji, na naona kipaji kinakufa. Niache kazi? – Karani, Bulla Pesa*

Marahaba, mwanangu. Kipaji hakiuawi na vitabu vya risiti. Njaa ndiyo inayokiua, maana tumbo tupu halikariri. Nawe umekaa katikati ya shule bora ya uigizaji kaskazini hii yote, kisha unalia! Mtazame dalali anayeapa kwamba fahali wake hajawahi kuugua, huku fahali mwenyewe anakohoa. Mtazame mnunuzi anayeondoka kwa hasira, akageuka kidogo kuona kama anaitwa. Ile subira kabla ya kutaja bei hufundishwi popote. Kila jioni, kabla ya chai, mwige mtu mmoja uliyemwona mchana: mwendo, sauti, anavyoshika fimbo. Robo saa yatosha. Bosi wako mwige nyumbani tu, tena mlango ukiwa umefungwa.

Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, aliwahi kuwa dereva wa kukodishwa mjini Minneapolis, Marekani. Alipokwenda kwenye usaili wa filamu ya Captain Phillips, waliojitokeza walikuwa zaidi ya 700, naye hakuwa ameigiza filamu hata moja. Mwaka 2014 akatwaa tuzo ya BAFTA na kuteuliwa kuwania Oscar. Ninachokipenda mimi ni kile kilichotokea katikati: baada ya kumaliza kurekodi, alirudi kuuza simu katika duka la kaka yake. Mtu aliyetoka kumteka nyota Tom Hanks ndani ya filamu hiyo anakuuliza unataka chaja ya aina gani! Basi risiti zako zisikutie aibu.

*Assalaam aleykum Mjomba. Nina kibanda cha M-Pesa. Wateja wakiadimika, nakariri maneno yangu ya uigizaji kwa sauti. Juzi nilipiga kelele "Msaliti wewe!" na mzee mmoja aliyekuja kutoa pesa akakimbia, kitambulisho kikabaki mkononi mwangu. Na kamera zenyewe ziko Nairobi. Nifanyeje? – Mama Floti, Kulamawe*

Waaleykum salaam, binti yangu. Kwanza mrudishie mzee kitambulisho chake.

Kuhusu kamera, ziliwahi kuja. Mwaka 2001 Wamarekani 16 waliletwa Shaba, hapa hapa kaunti yetu, kwa ajili ya kipindi cha Survivor, washinde njaa na kiu wakigombea dola milioni moja. Wafugaji wetu hufanya hivyo kila kiangazi na hakuna aliyewahi kuwapa hata mia. Kamera zilipofungwa, ziliondoka. Usizisubiri.

Wewe nenda shuleni. Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, imekuwa ikitahiniwa katika KCSE, na nchini mwetu kuna vikundi vinavyozunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu teule kwa malipo. Tafuta wenzako wanne, fanyeni mazoezi usiku baada ya kufunga vibanda, kisha mwombeni mwalimu wa Kiswahili awape Jumamosi moja. Nakuonya: hakuna hadhira kali kama kidato cha nne. Wamekisoma kitabu hadi kimechanika, na ukiruka sentensi moja watakusahihisha ukumbi mzima. Utanoleka hapo kuliko kwenye usaili wowote. Na unapohesabu pesa za watu, nyamaza.

*Mjomba, niliacha kazi wiki iliyopita ili niwe mwigizaji. Sasa natakiwa kufanya nini? – Huru, Kiwanjani*

Rudi Jumatatu mapema, keti kwenye kiti chako, fungua faili, ujifanye hakuna kilichotokea. Huo ndio uhusika wako wa kwanza, na mtazamaji wako ni meneja. Akiamini, una kipaji na una mshahara. Asipoamini, tafadhali usiniandikie tena: wiki ijayo ni zamu ya wanaotaka kuwa waimbaji, na barua zao tayari zimejaa mezani.