Jenasi Chumba: Uainishaji wa Awali wa Makazi ya Kupanga Dar es Salaam

Mwaka 1735 Carl Linnaeus alichapisha kitabu cha kuupanga ulimwengu wa viumbe katika makundi, akavisahau vyumba vya kupanga. Tusimlaumu sana; hakuwahi kutafuta chumba Manzese. Lakini pengo alilotuachia limewagharimu wasanifu majengo, ambao hadi leo wanaumiza vichwa kubuni nyumba nafuu ya vipande vinavyoungwa, kupandanishwa na kuongezwa katika mitaa iliyobanana. Dar es Salaam, ambako Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, nyumba ya namna hiyo ipo, inazaliana, na madalali wake hawashikiki. Makala haya yanajaribu kuiainisha.

Familia yake ni Nyumba ya Kiswahili, na umbile lake halina utata: baraza mbele, korido iliyonyooka, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, mlango wa nyuma, kisha uani penye jiko, stoo, bafu na choo. Bati limekaa juu kwa mgongo mmoja. Kwa miongo mingi umbile hilo ndilo lililojaza Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke. Seli yake ni chumba cha futi kumi kwa kumi, sawa na mita za mraba 9.3 hivi, ingawa fundi akikosea kamba huwa ni kumi kwa tisa na kodi haishuki.

Ukubwa huo unastahili heshima ya kimataifa. Mwaka 1972 jijini Tokyo, msanifu Kisho Kurokawa alikamilisha jengo la Nakagin: vijumba 140 vilivyoundwa kiwandani na kufungwa kwa bolti kwenye minara miwili, kila kimoja mita za mraba zipatazo 10. Nia ilikuwa vibadilishwe kila baada ya miaka 25 hivi. Hakikubadilishwa hata kimoja, na mwaka 2022 jengo lilibomolewa. Chumba cha uswahilini, kwa umri uleule, kimeshakuwa saluni, stoo ya mkaa, ofisi ya vikoba, kisha kikarudi kulaza watu baada ya ukuta kutobolewa na mlango kuhamishwa, kazi ya fundi mmoja na kibarua wake.

Sasa spishi. Ya kwanza na mama wa zote ni Singo. Ndani yake kitanda cha sita kwa sita kinakula futi za mraba 36 kati ya 100. Zinazobaki hugawanywa kati ya kabati, shoukesi ya televisheni, kochi moja lililoingizwa kwa kupitishwa dirishani, ndoo za maji, na mtungi mdogo wa gesi pembeni ya mlango. Ukuta wa ndani ni pazia. Mgeni akija pazia hushushwa na chumba kimoja huwa viwili, akiondoka hupandishwa. Sijaona mchoro wa msanifu yeyote wenye ukuta mwepesi kuliko huo.

Chumba-na-Sebule ni Singo mbili zilizooana. Masta ni Singo iliyomeza choo chake, ikapandisha kodi na kuacha kusalimia wenzake kwenye korido. Fremu ni chumba cha mbele kilichogeukia barabara: lami ikipita, dirisha hupanuka likawa mlango wa chuma, na mpangaji aliyelala humo miaka mingi hupewa notisi ampishe muuza vocha. Chimbuko la mabadiliko haya ni lami tupu. Darwin asingepata kazi kubwa.

Spishi inayohitaji uchunguzi makini ni Banda la Uani. Huanza kama kibanda cha mpwa aliyekuja mjini kutafuta kazi. Mpwa akipata kazi banda hubaki, likapigwa plasta, likapangishwa, likazaa la pili ubavuni. Kwa mwenye nyumba ni kodi ya ziada kwenye kiwanja kilekile. Kwa nyumba yenyewe ni kupe. Linakula uani, na uani ndiko nyumba inakoishi: ndiko kunakofuliwa, kunakopikwa, kunakoanikwa, ndiko watoto wanakooga. Vyumba sita vilivyokuwa na choo kimoja sasa ni vyumba tisa vyenye choo kilekile. Masika yakifika, shimo linajaa, na wengine huvizia mvua kubwa walitapishe usiku mtaroni, maji yapeleke kwa jirani.

Hapo ndipo utafiti wetu ulipogundua kwamba chumba hakijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni vinavyotumiwa kwa pamoja. Chukua mita moja ya umeme ya LUKU kwa kaya saba. Mchango hupangwa kwa mizania ambayo hakuna chuo kilichowahi kuifundisha: taa ni kiasi fulani, televisheni huongezewa, pasi huhesabiwa kwa tuhuma, na mwenye friji ni mshitakiwa wa kudumu. Umeme ukiisha saa tatu usiku kila mlango hufungwa ghafla na wote huwa wamelala. Ndiyo maana tangazo la dalali linasema “LUKU yako peke yako, maji ndani, mwenye nyumba haishi hapa” kabla halijataja idadi ya madirisha. Dalali, aliye na hela yake ya kukuonyesha na kodi ya mwezi mmoja juu, anajua soko kuliko shule ya usanifu.

Serikali nayo iliwahi kulijua hilo. Miaka ya 1970, Sinza na Kijitonyama, ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuleta huduma, wananchi wakajenga wenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Miongo mitatu baadaye msanifu Alejandro Aravena alijenga nusu-nyumba huko Iquique, Chile, wakazi wakamalizia nusu ya pili, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya usanifu ya Pritzker. Sinza haikupewa kitu, labda kwa sababu hakuna aliyeipiga picha nzuri kabla ya baa kufunguliwa.

Ghorofa hatuikatai, ardhi haiongezeki, na Magomeni Kota kaya 644 zimejengewa nyumba za kwenda juu. Tunachodai ni mtihani. Kabla ya kasha lolote la kiwandani kuitwa nyumba nafuu, kwenye ngazi zake kipandishwe kitanda cha sita kwa sita, na mtungi wa gesi, na kinu cha kutwangia kisamvu, na siku ya siku, jeneza likiwa limebebwa na watu sita. Kisha aulizwe aliyelichora: turubai la msiba linafungwa wapi?

Kwa hiyo, ndugu wasanifu, mchoro unaofuata uanzeni na choo, karo, mita za LUKU na uani usioweza kupangishwa. Mkishamaliza hayo, tuachieni futi kumi kwa kumi. Mafundi wapo.