Pembetatu ya Mwalimu

Kosa lilikuwa la mdomo wangu. Siku ya nne ya Ramadhani, tumekaa mkekani tunafuturu, nikaivunja sambusa iliyonunuliwa kituoni, nikaichungulia kama fundi anayechungulia injini, nikatangaza kwamba humo mna kitunguu na harufu ya ng'ombe aliyepita karibu. Mama watoto hakujibu. Kesho yake nilikuta juu ya meza yangu kilo ya nyama ya kusaga, unga wa ngano na fungu la kotmiri. Mwenyewe alishapanda daladala kwenda mjini.

Sikutishika. Nimefundisha hesabu miaka 31 kabla ya kustaafu, pembetatu nazijua kwa majina na kwa tabia. Tena kima yenyewe haina elimu: unainjika nyama na tangawizi, thomu, ndimu, chumvi na pilipili, unageuza mpaka maji yote yakauke, kisha unaepua ndipo utie vitunguu, bizari na kotmiri. Chumvi tu ndiyo ilinisumbua, maana nimefunga. Shangazi yake mama watoto, aliyekuja kututembelea siku tatu tangu mwezi wa Rajabu, akasema ruksa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Nikaonja, nikatema, nikaongeza. Nikaonja tena. Kufikia adhuhuri kima ilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhia papa.

Balaa ni manda.

Asiyeijua manda nimweleze. Unakanda unga, unakata madonge, unasukuma vichapati vinne vidogo. Kila kimoja unakipaka mafuta na kukinyunyizia unga, unavipandanisha, halafu unavisukuma vyote kwa pamoja mpaka viwe chapati moja pana, nyembamba. Unaipitisha kwenye chuma chenye moto, si kuiivisha, kuistua tu. Kisha, ikali moto, unaibandua irudi kuwa nne. Yaani umekesha kuviunganisha ili upate kazi ya kuvitenganisha! Ningekuwa na mwanafunzi anayejumlisha namna hiyo ningemwita mzazi wake.

Manda zangu zilikataa kuachana. Nikivuta pembe hii, inachanika ile. Zilizoachana zikakauka kwa sababu sikuzifunika kitambaa kibichi, jambo ambalo Shangazi alilijua tangu mwanzo na alilisema mwisho. Hapa kwetu Pongwe wanaume hurudi nyumbani weupe kwa vumbi la chokaa na saruji, na huwa tunawapa pole. Mimi nilipotoka uani mweupe hivyohivyo kwa unga wa ngano, kijana wa jirani akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," halafu akakimbia kucheka nyuma ya mchongoma.

Ndipo nikaanza kutafuta wa kulaumiwa. Jina la sambusa tumelipata kwa Waajemi, walioziita sanbosag. Msafiri Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Sambusa hakuzitaja huku; alizitaja Uhindi, kwa Sultani Muhammad bin Tughluq, zikiwa na nyama, lozi na pistachio, zimekaangwa kwa samli. Nafahamu kwa nini za kwetu hazimo: wazee wa Mombasa hawakuwa wajinga wa kujitafutia kazi.

Mpwa wangu anayesoma Kazan, kwa Watatari wa Urusi, nilimpigia kumlilia hali. Akanitumia picha ya andazi la nyama la kwao huko, pembe tatu kamili. Linaitwa echpochmak, na maana yake ni hiyohiyo, pembe tatu. Wanakata nyama mbichi, viazi na vitunguu, wanavifunga kwenye donge nene, juu wanaacha tundu la kutilia supu, tanuri inamaliza. Wanalo jingine la duara, peremech, la kukaanga, nalo lina tundu katikati. Manda hawana. Watu wa baridi ile, siku nzima wako ndani, hawana pa kwenda, na bado wamekataa kubandua manda! Sisi wenye jua na bahari ndio tuliojipa adhabu.

Nikarudi kukunja. Manda unaikata kanda, kila ukanda unaukunja uwe mfano wa kikaratasi cha kuuzia karanga, unatia kima, unafunika, unagundisha kwa uji mzito wa unga. Ya kwanza nikaipeleka kwa Shangazi aikague. Akaigeuza huku na huku, akavaa miwani.

"Mwalimu, hii pembetatu au soksi?"

Nilipata ishirini na mbili. Mafuta yalikuwa hayajachemka, nami adhana ilinikaribia, nikazitosa zote karaini kwa mpigo. Soksi zikafunguka. Kima ikaelea, manda zikazama, na mama watoto akaingia mlangoni na mfuko wa tende, akasimama, akatazama karai, akasema "pole baba" kwa upole ambao haujawahi kunidhuru namna ile.

Zilizotoka na umbo ni tano. Watoto walivikaanga vipande vya manda vilivyochanika, wakavinyunyizia sukari, wakavimaliza kabla ya tarawehe na kuuliza kama kesho viko tena.

Haviko. Kesho kwangu kuna muhogo wa nazi. Anayetaka sambusa aende kituoni, zipo, shilingi mia tano, na ndani mna vitunguu vizuri sana.