Kilomita za Angani na Kilomita za Konda

Mpwa wangu anayeishi London ana ugonjwa wa kuipima dunia kwa simu. Siku aliyokuwa anakwenda Paris ikaangukia siku niliyokuwa natoka Dar es Salaam kwenda Lindi harusini, basi akanitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, nimeangalia. London na Paris, angani ni kama kilomita 344. Dar na Lindi ni 350 na ushee. Tuko sawasawa! Ndege yangu saa moja na robo tu. Tushindane."

Tushindane! Wakati huo basi letu lilikuwa Mbagala Rangi Tatu, injini inanguruma, konda anaapa tunaondoka sasa hivi, na hiyo sasa hivi yake ilikuwa imeshaota mvi.

Angani sawa, lakini mimi sikupanda anga. Kwa barabara zinafika kilomita 450 hivi, na tena sisi wa leo tunadeka. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika ndiyo iliyopanga ratiba. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilitulisha vumbi na tope miaka mingi kabla ya kuona lami. Halafu Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya, mvua zikaikata barabara, kusini tukawa kisiwa.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Kilwa, mpole, msinziaji hodari. Alizinduka mara moja tu, basi liliposimama watu wakachimbe dawa, akarudi usingizini bila kuulizia tulipofika. Pale Nangurukuru, wanakoshuka wa Kivinje na Masoko, konda alimwamsha kwa vishindo, akamshushia mzigo, akapiga bodi, tukaondoka.

Tulikuwa tunakaribia Mchinga simu yangu ilipoita. Namba ngeni.

"Nani mwenzangu? Namba hii imeandikwa kwenye begi."

"Shikamoo babu. Begi gani?"

"Marahaba mjukuu wangu. Jeusi. Mimi nilikuwa na gunia la vitunguu."

Nikageuka kumtazama konda. Konda akatazama gunia, kisha akatazama dirishani kama mtu aliyeona twiga. Nikamuuliza nitafanyaje. "Kilwa? Hapo tu nyuma, mjomba. Shuka, dandia gari la kurudi." Hapo tu! Tangu Nangurukuru tulikuwa tumeshakula korosho zikaisha, tukanunua nyingine.

"Babu, uko stendi hapo Masoko nikufuate?"

"Stendi nilishatoka. Niko mashuani, naelekea Kisiwani."

Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 akitokea Mombasa kwa jahazi, akausifu ukarimu wa sultani wake. Nina hakika mizigo yake aliipakia mwenyewe.

Simu ikalia tena, ujumbe wa mpwa: picha ya sahani, mkate mrefu, na mnara wa Eiffel kwa mbali. "Mjomba, mimi nakula. Wewe?" Nikampuuza. Nilikuwa bado namsihi babu anitunzie begi hadi kesho, hasa ile kanzu, ndiyo ya harusi, sina nyingine.

"Usiwe na wasiwasi, mjukuu wangu," akasema, upepo wa bahari ukivuma simuni. "Kanzu nimeshaijaribu. Imenikaa."