Jinsi ya Kuingia Pop kwa Mlango wa Uani

Umri umekwenda, gitaa unalijua, na kwenye harusi wageni wanakuja kukuomba upunguze sauti wapate kula. Unataka uwanja mzima uimbe na wewe, lakini mashabiki wanataka vijana wenye hasira. Usijali, rafiki yangu. Njia ipo, na kuna mtu ameshaipita mpaka mwisho: mpiga gitaa Mwingereza Andy Summers, aliyeingia na panki, muziki wa hao vijana wenye hasira, akatokea na bendi ya The Police. Mimi nitakuonyesha tu alipokanyaga.

Hatua ya kwanza: ficha ujuzi wako.

Panki ilipolipuka London mwaka 1976, ilikuwa na sharti moja, kutojua. Ukiwa na mikao mitatu ya vidole umetosha. Ukiwa na minne unaanza kutiliwa shaka. Summers alikuwa na balaa la kujua mingi mno. Alizaliwa Desemba 1942, akapiga na bendi ya Zoot Money miaka ya sitini, akapitia Soft Machine, akapitia The Animals, kisha akaenda California kusomea gitaa la kiklasiki chuoni. Kwenda na wasifu huo mbele ya wapanki ni kama kuomba kujiunga na majambazi huku umeshika cheti cha tabia njema.

Kwa hiyo nyamaza. Ukiulizwa ulijifunzia wapi, inua mabega. Mkono ukikuponyoka ukapiga kitu kizuri, kohoa, haribu kidogo, endelea.

Hatua ya pili: tafuta bendi yenye mpiga gitaa asiyekutisha.

Usiunde bendi mwenyewe. Hiyo ni kazi ya watu wenye muda. The Police ilianzishwa mapema mwaka 1977 na mpiga dramu Mmarekani, Stewart Copeland, na gitaa akapewa Henry Padovani, kijana wa Corsica mwenye sura ya panki, moyo wa panki na, ole wake, vidole vya panki. Kwenye besi alikuwapo Sting, mwalimu wa zamani wa watoto wadogo aliyetokea kwenye jazi ya Newcastle, kichwa kimejaa nyimbo zisizoenea katika mikao mitatu. Umeona pengo? Summers aliliona. Alipiga na Sting na Copeland mjini Paris mwezi Mei mwaka huohuo katika mradi mwingine kabisa, na haikupita miezi mingi akawa ndani. Kwa muda mfupi wakawa wanne. Walipanda hivyo jukwaani kwenye tamasha la panki la Mont-de-Marsan, Ufaransa, mwezi Agosti. Siku chache baadaye Padovani hakuwemo tena.

Tazama adabu ya shughuli hiyo: hakupigwa mtu. Ukimfanyia mwenzio hivi, msifu kila unapohojiwa. Sema ana roho safi, sema jukwaa linampenda. Sifa hazikatwi kwenye mapato.

Hatua ya tatu: paka nywele rangi.

Hapo Summers ana miaka 34, na Johnny Rotten, mwimbaji wa bendi ya panki ya Sex Pistols, ana 21. Mwaka huwezi kuurudisha, nywele unaweza. Tena sababu usihangaike kuitafuta, italetwa na biashara. Mwaka 1978 kampuni ya Wrigley ilihitaji wapanki wa kutangaza ubani wa kutafuna, na wapanki wakatakiwa wawe na vichwa vya njano. Wote watatu wakapaka. Nywele zile zilizokuja kubandikwa kwenye kuta za vyumba vya mabinti dunia nzima kama alama ya uasi ziliagizwa na wauza ubani. Usione haya. Mwasi naye ana kodi ya nyumba.

Hatua ya nne: safiri kimaskini, ila uwe na ndugu.

Oktoba 1978 walivuka kwenda Marekani kwa tiketi za bei poa za shirika la ndege la Laker, vyombo vyao wamevibeba kama mizigo ya mkononi. Wakapiga ukumbi wa CBGB, New York. Wakapiga Poughkeepsie, ambako waliokuja wangeenea kwenye teksi moja. Hadithi za aina hii zihifadhi vizuri, utazihitaji ukishanunua nyumba ya tatu. Usichokisimulia sana ni kwamba meneja wenu, Miles Copeland, ni kaka yake mpiga dramu, na aliyewatafutia kumbi huko Marekani, Ian, ni kaka mwingine. Panki ni kujitegemea, na kaka si mtu wa nje. (Baba yao alikuwa jasusi wa CIA. Bendi ikaitwa The Police. Mimi sisemi kitu.)

Hatua ya tano: toa ujuzi kwa kijiko.

Kuhama panki ghafla ni usaliti. Pitia rege, kwa sababu wapanki wa London wenyewe waliicheza usiku kucha na hawatakuona unavyotoka. Rege ina nafasi nyingi tupu, na katika nafasi hizo mtu aliyesoma anaweza kupenyeza vitu vyake polepole. Nunua mashine ya mwangwi. Summers alitumia Echoplex, na gitaa kuukuu la Telecaster alilolinunua California, na watu watatu wakasikika kama sita. “Roxanne” ilitoka 1978 ikapita kimya, ikarudishwa 1979 ikasikika. Septemba mwaka huo “Message in a Bottle” ikashika namba moja Uingereza. Kufikia hapo hakuna atakayekuuliza tena kuhusu mikao mitatu.

Hatua ya sita, ambayo Summers mwenyewe aliikosea: karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini walikuwa kisiwani Montserrat, wakigombana kama mawifi juu ya wimbo mmoja wa Sting usiokamilika. Summers akaingia kurekodi na kuupigia noti moja moja, vidole vimetanuka, mtindo alioupata kwa kumsikiliza mtunzi wa kiklasiki Béla Bartók. Yaani ule usomi wote uliofichwa tangu hatua ya kwanza hatimaye ukatolewa kabatini. Wimbo ni “Every Breath You Take.” Mwaka 1983 ulikaa namba moja Marekani kwa wiki nane. Mwaka 1997 mwanarap Puff Daddy akalichukua gitaa lile na kujengea juu yake wimbo wake mwenyewe, nao ukaenda namba moja.

Mtunzi aliyeandikwa ni mmoja tu: Sting.

Kwa hiyo unapofika studio, kabla hujafungua kasha la gitaa, uliza fomu ya watunzi iko wapi. Uliza huku unatabasamu. Wakikwambia “hayo tutayazungumza baadaye,” vimba kidole papo hapo, usiweze kupiga mpaka yazungumzwe. Na kama umeshapiga, bado una njia: mwaka 2025 Summers na Copeland walimfungulia Sting kesi ya mirabaha mjini London. Summers ana miaka zaidi ya themanini. Wewe tafuta wakili kijana. Kukaa na vijana umeshazoea.